Draiva Haikai Ndani ya Kifurushi

Ndugu wasimamizi wa mifumo, ndugu wafungashaji wa programu, na nyinyi mnaopokea simu za watumiaji kabla hata hamjaweka begi chini, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie migongano ya draiva, zile programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuongea na vifaa, tunapofungasha programu kwa ajili ya kompyuta pepe, zile zinazoishi kwenye seva na mtumiaji huzifikia kupitia mtandao. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili mnicheke mapema kisha tuendelee na kazi.

Nilikuwa nafungasha programu ya kuchapa lebo. Draiva yake ya zamani ilikuwa inagombana na mpya, nikataka kuing'oa. Kwenye mashine yangu ya majaribio nikaandika `pnputil /enum-drivers`, amri inayoorodhesha draiva, nikaiona: imeandikishwa kwa jina la `oem14.inf`. Nikaandika amri ya kuifuta, nikaongeza `/uninstall` na `/force`, ikatoka bila kelele. Nikafurahi. Amri ile ile nikaitia kwenye skripti ya kusafisha, skripti nikaipeleka kwenye imeji mama, ile nakala inayozaa kompyuta pepe, ya idara nyingine, ikaendeshwa mwishoni kabisa, dakika moja kabla ya imeji kufungwa. Kule, `oem14.inf` ilikuwa draiva ya kadi ya mtandao. Asubuhi yake kompyuta pepe zote zilizozaliwa na imeji ile ziliwaka vizuri, zikakaa zikisubiri watu, na hakuna mtu aliyeweza kuzifikia.

Jina la `oem` na namba yake hutolewa na Windows kwa kufuata nani alifika kwanza. Ni kama namba ya foleni. Ukiwa wa 14 leo mahali hapa haimaanishi utakuwa wa 14 mahali pengine. Kwenye orodha hiyo hiyo ya `pnputil` kuna mstari mwingine unaotaja jina la asili la faili la INF, faili la maelezo ya draiva, jina lililotolewa na mtengenezaji. Huo ndio wa kutafutia. Skripti yangu ya sasa husoma jina la asili kwanza, ikilipata ndipo inauliza limepewa namba gani kwenye mashine hiyo, na isipolipata inaondoka bila kugusa kitu. Imeongezeka mistari sita tu.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo nadhani tunalisahau kila siku: draiva ni ya mashine. Programu ni ya mtumiaji, inaweza kubebwa, kufunikwa, kuonyeshwa kwa huyu na kufichwa kwa yule. Draiva haiwezi.

Tuliangalie hilo kidogo, maana kijana anayeanza kazi hii huambiwa "draiva hazifungashiki" kama mwiko, bila sababu. Unapoifungasha programu, unaifungia ndani ya kiputo. Programu ikiuliza "folda yangu iko wapi?" kiputo kinaijibu kwa folda yake ya kujifanya. Ikiuliza rejista, daftari la mipangilio la Windows, inapewa rejista ya kujifanya iliyowekwa juu ya ile ya kweli. Ujanja huu wote unafanyika pale programu inapoomba kitu kwa mfumo. Kuna mtu katikati anayebadilisha jibu. Draiva ya kiini haiombi kwa njia hiyo. Inapakiwa ndani ya kiini chenyewe cha mfumo (kernel), sehemu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, na kiini ni kimoja kwa mashine nzima. Hakuna kiini cha mhasibu na kiini cha mkurugenzi. Mpangaji anaweza kupaka chumba chake rangi anayotaka, lakini waya za umeme zinapita ukutani, na fundi wa chumba kimoja akikosea giza linaingia nyumba nzima.

Giza hilo tuliliona Julai 19, 2024. Faili la masasisho la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilisomwa na draiva yao ya kiini, draiva ikasoma kumbukumbu mahali pasipofaa, na Windows ikaanguka. Microsoft walikadiria vifaa milioni 8.5. Programu ya kawaida ikifanya kosa la aina hiyo inafungwa yenyewe na mtu anaifungua tena. Ndani ya kiini hakuna kufunguliwa tena, ni skrini ya bluu.

Ndiyo maana kikomo hiki hakijahama. Teknolojia ya kufungasha programu iliyokuja kuitwa App-V ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2006 ikiwa na jina la SoftGrid, nayo haikubeba draiva. MSIX ilitangazwa mwaka 2018, umbo jipya, jina jipya, nayo haibebi draiva za kiini. Muuzaji akikuahidi chombo kinachofungasha kila kitu, mwulize kama kinabeba draiva za kiini, swali hilo moja tu.

Sasa tuingie kwenye mgongano wenyewe. Nitausimulia mmoja kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu makosa yote.

Palikuwa na programu ya usanifu iliyotaka kidude cha leseni cha USB. Mfungashaji aliifungasha, akaijaribu, ikafunguka, akasaini. Ilipofika kwa watumiaji kwenye kompyuta pepe za kundi, zile zinazorudi mwanzo kila mtu anapotoka, ikasema leseni haikupatikana. Mfungashaji akaifungua tena kwake: inafanya kazi. Mnajua ugomvi unaofuata. Huyu anasema "kwangu ni nzima," yule anasema "njoo uone."

Kwake ilikuwa nzima kwa sababu mashine yake ya kufungashia haikuwa safi. Miezi kadhaa nyuma aliwahi kusakinisha programu nyingine ya mtengenezaji yule yule, draiva ya kidude ikabaki. Chombo cha kufungashia hurekodi kile kinachobadilika. Draiva ilikuwepo tayari, kwa hiyo hakikuona mabadiliko, na hakikutoa onyo. Kama mashine ingekuwa safi, angeona ripoti inayosema usakinishaji umejaribu kuweka draiva, na angejua mapema. Kwa hiyo, wenzangu, kabla ya kila kifurushi rudisheni snapshoti, ile picha ya mashine ikiwa safi. Hata kama mliirudisha jana, na hata kama mnaona mnapoteza dakika kumi.

Kwenye kompyuta pepe ya mtumiaji, Device Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha vifaa, ilionyesha msimbo 28. Misimbo hii watu huipita haraka kama namba za nyumba, kumbe kila mmoja unasema kitu chake. Wa 28 maana yake kifaa hicho hakijawekewa draiva. Wa 10, draiva ipo lakini kifaa kimeshindwa kuanza. Wa 39, draiva imeharibika au faili lake halipo. Wa 52, sahihi ya kidijitali haithibitiki, na huu utakutana nao sana ukifufua programu za kale. Tangu Windows 10 toleo la 1607, draiva mpya za kiini zinatakiwa zipitie kwa Microsoft zisainiwe, sahihi ya mtengenezaji peke yake haitoshi.

Msimbo 28, basi tatizo limejulikana. Kuna mtu akaamua kuiweka draiva kwenye imeji mama. Uamuzi sahihi. Programu ikafunguka, tiketi ya tatizo ikafungwa. Siku ya tatu idara nyingine kabisa wakapiga simu: programu yao ya zamani ya vipimo, ambayo haikuguswa na mtu, imekufa.

Hapo ndipo nilipoitwa. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuandika `driverquery /v` kwenye imeji ya wiki iliyopita na kwenye imeji mpya, nikaziweka orodha mbili ubavuni. Draiva ya kidude ilikuwepo kwenye zote mbili. Jina moja la huduma, njia moja ya faili. Lakini safu ya tarehe ya utengenezaji ilikuwa tofauti kwa miaka saba. Programu ya vipimo nayo ilitumia kidude cha leseni cha mtengenezaji yule yule, kwa draiva ya zamani, na draiva hiyo, isiyokitambua kidude kipya, ilikuwa kwenye imeji mama tangu zamani, hakuna aliyeikumbuka. Ile mpya ilipoingia ilikalia kiti kile kile. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwenye rejista zizi ni `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services`: jina moja la huduma lina njia moja tu ya faili, anayekuja mwisho ndiye anayeandika.

Mtu wa haraka angesema turudishe ya zamani kwa hawa na mpya kwa wale. Haiwezekani ndani ya imeji moja. Tumeshasema kiini ni kimoja. Kulikuwa na njia mbili tu: imeji mbili, au draiva moja inayokubalika na programu zote mbili. Tukaijaribu mpya na programu ya vipimo kwenye mashine safi, ikakubali. Kumbe draiva mpya haikuwa na ubaya wowote. Kilichoua ile programu ni kwamba kifurushi chake cha zamani, kila kilipofunguliwa, kiliendesha skripti ya kuhakiki draiva, kikakuta toleo ambalo hakilijui, kikajaribu "kulitengeneza" bila ruhusa ya msimamizi, kikashindwa katikati.

Hilo nililiona kwenye `setupapi.dev.log`, faili linalorekodi usakinishaji wa draiva, lililo ndani ya `C:\Windows\INF`. Wengi wetu hatulifungui kwa sababu ni refu na linatisha. Nendeni moja kwa moja kwenye alama. Kila tukio linaanza na mishale mitatu ya kwenda kulia na kuishia na mitatu ya kwenda kushoto, pamoja na tamko la kama limefaulu au la. Mstari wenye alama moja ya mshangao ni onyo. Wenye tatu ni kosa. Tafuta mshangao mara tatu, kisha panda juu mistari michache usome nani aliyeomba. Pale palikuwa na jina la skripti ile, saa ile ile ambayo mtumiaji aliingia kazini, na kukataliwa.

Tiba ilikuwa kuzivua programu zote mbili draiva zake. Kwa kifurushi cha MSI, umbo la usakinishaji la Windows, fungua kwa Orca, kihariri cha mafaili hayo, utazame kama kuna jedwali linaloitwa `MsiDriverPackages`. Likiwepo, usakinishaji huo unabeba draiva, na unaweza kuuzima kwa faili la mabadiliko la MST bila kugusa MSI yenyewe. Ukitaka kuona mafaili tu, `msiexec /a` inayamwaga kwenye folda, tafuta `.sys`, `.inf` na `.cat`, yaani draiva yenyewe, maelezo yake na sahihi yake. Ukiziona tatu hizo pamoja, simama kabla hujaanza kufungasha. Draiva moja ikaingia kwenye imeji mama, ikawa na mwenye kuitunza, na vifurushi viwili vikabaki na programu tu.

Naongeza jambo moja kuhusu vidude vya USB, maana nimeona watu wakiweka draiva upande usiofaa. Kifaa kikisafirishwa chote kama kilivyo kutoka kwenye meza ya mtumiaji hadi kwenye kompyuta pepe, draiva yake inatakiwa kule kilikofika. Kikipitia njia maalumu iliyotengenezwa kwa aina hiyo ya kifaa, kama kamera au sauti, draiva inabaki kwenye meza na kule mbali haihitajiki. Jueni kwanza kinapita njia gani.

Kuna aina ya pili ya mgongano, na huu unanikera zaidi kwa sababu mara nyingi hautoi msimbo wowote. Ni wa vichujio. Hizi ni draiva ambazo haziendeshi kifaa. Zinakaa njiani, kila ombi la faili linapita mikononi mwao. Kingamwili, programu ya kukinga virusi vya kompyuta, ni kichujio. Chombo cha kusimba diski, kuifanya isisomeke bila ufunguo, ni kichujio. Na wenzangu, chombo chenyewe tunachotumia kutenga programu na kubeba profaili kwa kawaida nacho ni kichujio. Kwa hiyo pale tunapolalamika kwamba programu imeleta draiva ya kugombana, sisi tulikuwa wa kwanza kuleta yetu.

Andika `fltmc` ukiwa msimamizi. Utaona majina na mbele yake kimo cha kila kimoja, na kimo hicho hutolewa na Microsoft ili wawili wasikae mahali pamoja. Wa juu ndiye anayeliona ombi kwanza. Vichujio vya kingamwili vimepewa eneo la 320000 hadi 329999; WdFilter ya Defender, kingamwili ya Windows yenyewe, iko 328010. Vya usimbaji viko 140000 na kitu. Vya kuigiza mafaili viko 130000 na kitu. Kimojawapo, `Luafv` ya Windows yenyewe, kiko 135000.

Sasa tazameni mpangilio huo kwa jicho la fundi. Programu inaomba faili. Kingamwili aliye juu analiona ombi likiwa bado na jina la kujifanya. Linashuka, kichujio cha kuigiza kinalibadilisha liende mahali pa kweli. Ikiwa kichujio hicho kinafanya hivyo kwa kuanzisha ombi jipya kutoka juu, kingamwili analiona tena, kwa jina jingine, na anakagua mara ya pili. Mtumiaji hatakwambia kuna mgongano. Atakwambia "mashine ni nzito asubuhi." Nimewahi kuwaona watu wakiongeza kumbukumbu na vichakataji kwa wiki mbili kwa tatizo la aina hii, ambalo liliisha kwa kuitoa njia ya kweli ya vifurushi kwenye ukaguzi wa kingamwili. Kuthibitisha si kazi: pima muda wa kufungua programu, zima kichujio kimoja kwenye mashine ya majaribio, washa upya, pima tena. Kimoja kimoja. Ukizima viwili kwa mpigo utapona bila kujua dawa ilikuwa ipi.

Vichujio vya vifaa vina balaa lao. Chini ya `Control\Class` kwenye rejista, kila aina ya kifaa inaweza kuwa na thamani mbili, `UpperFilters` na `LowerFilters`, na ndani yake orodha ya majina. Wanaotumia matabaka, yaani kila programu kwenye diski yake pepe inayowekwa juu ya imeji, wasikilize hapa. Tabaka la programu ya kwanza limeandika orodha yenye jina lake. Tabaka la pili limeandika orodha yenye jina lake. Matabaka yanapounganishwa, kwa kawaida thamani ya rejista haichanganywi. Ya tabaka la juu inachukua nafasi yote. Jina moja linapotea. Au kinyume chake: tabaka limeondolewa, jina limebaki kwenye orodha na faili la `.sys` halipo, na kifaa kizima kinakataa kwa msimbo 39. Nimekuona wewe pale nyuma ukitikisa kichwa, bila shaka umeshakesha na hii.

Matabaka pia yana suala la saa. Kama tabaka linaunganishwa mtumiaji anapoingia, kiini kilishaamka zamani. Angalia thamani ya `Start` ya huduma ya draiva: 0 ni ya wakati wa kuamka, 1 ni ya mfumo unapojianzisha, 2 ni ya kujiwasha, 3 ni ya kuitwa ikihitajika, 4 imezimwa. Draiva yenye 0 au 1 ndani ya tabaka la mtumiaji ni abiria aliyefika stendi basi limeshaondoka. Watu hujaribu kuibadilisha iwe 3 kwa nguvu. Mara nyingine inakubali. Ikiwa ni ya usimbaji au ya diski, tafadhali msijaribu.

Draiva za mtandao nazipita haraka: chombo cha VPN kinapoweka kichujio chake, kadi ya mtandao hujizima na kuwaka. Kwenye kompyuta ya mezani ni sekunde chache. Kwenye kompyuta pepe ni kukatika kwa wewe unayesakinisha, na kama diski yenyewe inaletwa kupitia mtandao, mashine inaganda. Isakinisheni kupitia konsoli ya haipavaiza, programu inayoendesha kompyuta pepe zenyewe, na kwa diski za mtandao, kwenye imeji iliyorudishwa kwanza kwenye diski ya kawaida.

Printa ndizo zinazoleta tiketi nyingi, na ajabu ni kwamba draiva zake nyingi hazimo ndani ya kiini. Zile za aina ya v3 zinaendeshwa na huduma ya uchapishaji, na mafaili yake yote yanarundikana kwenye folda moja, `spool\drivers\x64\3`. Printa mbili za mtengenezaji mmoja zikiwa na faili la DLL lenye jina moja, jipya linalifunika la zamani, huduma inaanguka, na printa zote zinanyamaza pamoja. Tangu Windows 7 kuna uwezo wa kuitenga draiva ya printa kwenye mchakato wake, utumieni. Na baada ya udhaifu wa PrintNightmare, masasisho ya Agosti 10, 2021 yaliweka kwamba mtumiaji wa kawaida hasakinishi draiva ya printa. Kwenye kompyuta pepe inayojisahau kila usiku, maana yake ni kuombwa nenosiri la msimamizi kila asubuhi. Msiifungue kanuni hiyo ili mpate usingizi. Wekeni draiva kwenye imeji, au tumieni draiva moja ya jumla.

Imebaki ile programu ambayo haivuliki. Tunayo moja: draiva yake inataka toleo lake peke yake, inagombana na kichujio cha usimbaji, na mtengenezaji wake hajibu barua. Tulihangaika nayo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mwishowe tukaiundia imeji yake, mashine sita, watumiaji sita, haina tabaka wala kiputo, imesakinishwa kama kwenye kompyuta ya mezani. Bosi aliuliza kwa nini tunalipia imeji nzima kwa ajili ya programu moja. Nilimwonyesha rundo la tiketi zake za mwaka ule, akasaini.

Muda wangu umekwisha, naona mwenyekiti ameshainua karatasi. Kompyuta yangu iko wazi hapa mbele, na `setupapi.dev.log` ya kile kidude cha leseni iko kwenye skrini, kwenye mstari ule wa mishangao mitatu. Anayetaka kuisoma asogee, na mwenye swali aanze.